Sheria Ikibadilika, Aliyekwisha Kufungwa Atafanyaje?

Katika vikundi tunavyotembelea liko swali ambalo huulizwa mwisho wa mkutano, wengine wakiwa wameanza kwenda zao. Huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi ni mama anayeuliza: "Kijana wangu alihukumiwa kunyongwa. Sasa tunasikia ati sheria hiyo ilibadilishwa. Mbona yeye hajarudi nyumbani?"

Tuanze na jambo ambalo kila kikundi kinalijua. Tuseme katiba ya kikundi chenu ilisema anayechelewa mkutano atozwe shilingi 50, na mwaka huu mmekubaliana iwe 20. Je, waliotozwa 50 mwaka juzi watarudishiwa 30? La, hapana. Mweka hazina atafungua vitabu tangu siku ya kwanza na kazi haitaisha. Sheria za nchi nazo kwa kawaida hutazama mbele. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 50, inasema kwamba adhabu ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya kuhukumiwa, mtu apewe iliyo nyepesi. Lakini yule ambaye amekwisha kuhukumiwa, mlango wake haufunguki wenyewe. Ni lazima korti iseme unaweza kufunguliwa, kisha yeye mwenyewe abishe.

Kwa waliohukumiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, korti ilisema. Sheria ya Adhabu, sehemu ya 204, iliamuru kwamba anayepatikana na kosa hilo ahukumiwe kifo, basi. Jaji hakuwa na nafasi ya kupima. Mke aliyepigwa miaka mingi na siku moja akamuua mumewe, na mtu aliyelipwa pesa akamuue asiyemjua, wote wakipatikana na kosa hilo walisomewa maneno yale yale. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikikaa Mombasa ilisema jambo hili si sawa, lakini mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikageuka. Ndipo tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ikaamua katika kesi ya Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba, kwa sababu mshtakiwa ananyimwa nafasi ya kusikilizwa juu ya adhabu yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo redio ya kijijini huharibu habari. Mahakama haikuondoa hukumu ya kifo. Iliondoa ule ulazima tu. Jaji bado anaweza kutoa hukumu hiyo akiona kosa lilikuwa baya mno. Tena, mahakama haikusema kwamba waliofungwa hawana hatia. Anayerudi kortini kwa njia hii harudi kubishana kama aliua au hakuua. Anarudi kuomba adhabu yake ipimwe upya. Mwenye kudai kwamba hakutenda kosa ana njia nyingine. Njia hiyo ni rufani, au, rufani zikiisha au muda wake ukipita, kuomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya kwa sababu ya ushahidi mpya wenye nguvu. Kubadilika kwa sheria si ushahidi mpya.

Wengine hutuambia, "Lakini huyu wetu alipunguziwa na Rais." Ni kweli kwamba Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na kwamba Rais Kibaki mwaka 2009 aligeuza hukumu za kifo zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, na Rais Kenyatta mwaka 2016 akageuza 2,747. Hiyo ilikuwa huruma ya Rais, haikuwa kupimwa na jaji. Muruatetu mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilishiwa kuwa maisha, na bado Mahakama ya Juu iliagiza arudishwe Mahakama Kuu asikizwe kuhusu adhabu.

Baada ya 2017 maombi yalimiminika. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu, ambao pia sheria inawahukumu kifo, walileta yao. Waliofungwa kwa unajisi wa watoto, ambao sheria inaweka miaka ya chini kabisa, nao wakaja. Korti nyingine ziliwakubali, nyingine zikakataa. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maagizo: uamuzi wa Muruatetu unahusu kosa la kuua kwa kukusudia peke yake. Hauhusu wizi wa mabavu, wala uhaini, wala makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono. Anayetaka kupinga sheria hizo hana budi kuzipeleka Mahakama Kuu zijadiliwe zenyewe, hatua kwa hatua. Mwaka 2024 mahakama hiyo ilirudisha kifungo cha miaka 20 kwa mtu wa kosa la unajisi ambaye Mahakama ya Rufani ilikuwa imempunguzia hadi 15. Kwa maoni yetu jamaa wengi waliumizwa na ile miaka ya katikati. Walipewa matumaini ambayo hayakuwa na msingi, na wengine waliuza mbuzi kumlipa mtu wa maneno matamu aliyeahidi kuwatolea kijana. Kwa hiyo ulizeni kwanza: ni kosa gani limeandikwa kwenye faili?

Kama ni la kuua kwa kukusudia, ombi hupelekwa Mahakama Kuu. Kama rufani bado iko Mahakama ya Rufani, inabidi iondolewe kwanza, na hilo lisifanywe kabla ya kuongea na wakili, kwani huenda ile rufani ndiyo yenye nguvu. Mfungwa anaweza kuandika ombi mwenyewe na kulipitisha kwa ofisi ya gereza. Ndugu wakienda kumwona wamwombe nambari ya kesi, jina la korti, tarehe ya kukamatwa na tarehe ya hukumu. Tarehe ya kukamatwa ina maana sana. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, sehemu ya 333, inataka siku alizokaa rumande zihesabiwe katika kifungo cha miaka, na hilo linawahusu hata waliofungwa kwa makosa mengine.

Jaji atatazama umri wa mtu alipotenda kosa, kama lilikuwa la kwanza, kama alikubali kosa, kama alitenda kwa sababu ya kudhulumiwa nyumbani, namna alivyoua, kama anajuta, na kama anaweza kuishi tena na watu. Vyeti vya ufundi alivyopata gerezani husaidia. Anaweza kupewa miaka, na ikiwa ameimaliza akaachiliwa. Anaweza pia kubaki na kifungo cha maisha.

Na hapa kijiji kinaingia. Kwa kawaida korti humwagiza afisa wa probesheni afike nyumbani. Ataongea na familia, na chifu, na majirani. Kikundi kikitaka kumwandikia barua, kiandike mambo yanayoonekana: nani atampokea, atalala wapi, shamba lipo au liliuzwa, kazi gani inamngoja. Barua ya kusema tu kwamba alikuwa kijana mzuri haina uzito, maana kila mama husema hivyo.

Afisa huyo ataenda pia kwa nyumba iliyofiwa, na maagizo ya 2021 yanataka korti iwasikilize. Mara nyingine mama wa aliyeuawa na mama wa aliyeua wako katika kikundi kimoja, wanachanga pamoja kila mwezi. Mwenyekiti asilete karatasi ya kutiwa sahihi mbele ya mkutano. Aende kwanza kwa yule aliyefiwa, nyumbani kwake, amweleze kinachoendelea kortini, na kama hataki kusema chochote, aachwe.