Telefone inakataa Wi-Fi? Usikubali haraka wafute yote!

Mama moja wa Kikula, mu mji wa Likasi, alibaki na telefone ya marehemu bwana wake. Bwana alitumika ku mugodi miaka mingi. Ndani ya telefone ile mulikuwa mapicha ya ndoa yao, na sauti alizotumia watoto wakati alikuwa mbali ku kazi. Kisha matanga, mama aliiweka mu sanduku bila karti SIM. Bateri ikaisha kabisa.

Kisha miezi mingi, mama alitaka kutumia mwana wake wa Lubumbashi mapicha yale na sauti ya baba. Akatia telefone ku sharjere, akaomba jirani neno la siri la Wi-Fi. Telefone ikakubali, alama ya Wi-Fi ikaonekana juu ya kioo. Lakini intaneti haikufungua kitu hata kimoja.

Akaenda kwa fundi wa barabarani. Fundi akaangalia dakika mbili, akasema: « Mama, iko na virusi. Tutafuta yote, tutaanza mupya. »

Mama akauliza: « Na mapicha ya baba wa batoto? »

« Ile itaenda, mama. »

Mama akachukua telefone yake, akarudi nyumbani na machozi. Kijana wa jirani akamwambia: « Mama, ngoja kwanza. Tuangalie tarehe. » Kumbe telefone ilikuwa inaandika mwaka 2015! Wakaweka tarehe ya kweli. Kisha dakika chache, yote yakafunguka.

Sababu gani tarehe?

Kila mahali pa intaneti panapolindwa pana cheti chake, chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Telefone inasoma cheti kile mbele ya kufungua mulango. Kama saa yake imerudi nyuma miaka mingi, inaona cheti hakijaanza bado, na inakataa. Telefone haikuwa mugonjwa. Ilipotea mu siku tu. Ingia mu « Paramètres », tafuta « Date et heure », uweke tarehe ijipange yenyewe.

Tatizo liko wapi?

Ubaya unaweza kuwa mu pahali patatu: mu telefone, mu modemu (kile kisanduku chenye taa kinachotoa Wi-Fi), ao mu njia inayoleta intaneti toka inje. Mbele ya kulipa fundi, fuata maulizo haya moja kwa moja:

1. Je, telefone ingine inapata intaneti ku Wi-Fi ileile? Kama zote zinakosa, usisumbue telefone yako. Chomoa modemu ku umeme, hesabu mpaka 30, rudisha, ungoja dakika tatu. Kama bado, labda malipo ya mwezi yameisha, ao njia ya inje imekatika. Uliza wale wanaouzisha intaneti.

2. Je, alama ya ndege iko juu ya kioo? Watoto wanapocheza na telefone, wanaweza kugusa « Mode Avion ». Ile inakata rezo yote. Iondoe, kisha washa Wi-Fi.

3. Je, neno la siri ni lilelile? Herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja. Kama jirani alibadilisha neno, telefone yako inaendelea kutumia lile la zamani. Bonyeza jina la Wi-Fi, chagua « Oublier », kisha andika neno mupya polepole.

4. Je, uko mbali? Ukuta wa matofali unapunguza nguvu ya Wi-Fi, na manjanja ya chuma yanaizuia zaidi. Sogea karibu na modemu, ujaribu tena.

5. Je, telefone yako haioni kabisa jina la Wi-Fi, na zingine zinaliona? Modemu nyingi za leo zinatoa mawimbi ya namna mbili: 2,4 GHz na 5 GHz. Telefone nyingi za zamani zinajua 2,4 tu. Mwenye modemu afungue ile ya 2,4. Nayo inapita kuta vizuri zaidi.

6. Je, umekwisha kuizima na kuiwasha tena? Usicheke! Mara nyingi dawa ni hiyo.

Kufuta kuko kwa namna mbili

Wazazi, shikeni neno hili. Kama yote imeshindikana, kuko « Réinitialiser les paramètres réseau ». Ile inafuta tu maneno ya siri ya Wi-Fi na mambo ya rezo. Mapicha yanabaki. Lakini kufuta telefone yote, wanakoita « réinitialisation d'usine », kunaondoa mapicha, sauti, namba, yote. Si kitu kimoja! Fundi akisema « tutafuta », muulize: « Utafuta nini? » Hakuna haya kuuliza. Telefone ni yako.

Na mbele ya kuiacha mu mikono ya mutu, peleka mapicha yako ku ordinatere kwa kamba yake, ao ku karti ya kumbukumbu. Mafundi wazuri wako wengi, na fundi mzuri atakungojea.

Siku ile ile mangaribi, mwana wa Lubumbashi alisikia tena sauti ya baba yake akimwambia asome vizuri. Alipiga telefone kwa mama, na wote wawili wakakosa la kusema. Kama mama angekubali haraka kule barabarani, sauti ile ingepotea milele, sababu ya tarehe tu. Haraka haraka haina baraka.