‘Wayahudi’ wa Yohana ni akina nani hasa?

Ijumaa Kuu, makanisa mengi husoma simulizi ya mateso ya Yesu kutoka Injili ya Yohana. Mwaka mmoja nilimsikia mhubiri akihitimisha kwa ukali kwamba Wayahudi ndio waliomuua Bwana. Waumini wakaitikia “Amina!” Mimi nikabaki kulitafakari neno hilo moja tu: Wayahudi.

Hebu tulichunguze. Katika Kigiriki cha Agano Jipya neno lenyewe ni ‘Ioudaioi’. Yohana amelitumia takriban mara 70, ilhali Mathayo, Marko na Luka hawafikishi mara 20 hata ukiwajumlisha. Kulikoni?

Tuanze na matini. Katika sura ya 9, wazazi wa kipofu aliyeponywa wanakwepa maswali kwa kuwaogopa Wayahudi. Sasa wazazi hao ni akina nani kama si Wayahudi? Bila shaka wanaoogopwa hapa ni wakuu wenye mamlaka. Lakini katika sura ya 11, Wayahudi ni majirani wanaokuja kuwafariji Martha na Mariamu. Katika sura ya 4, mwanamke Msamaria anamtambua Yesu mwenyewe kuwa Myahudi. Neno ni lilelile, maana si ileile. Nasi husema “Nairobi imekataa” tukimaanisha serikali, wala si mama mboga wa Gikomba.

Kisha historia. Warumi walilibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, na wasomi wengi wanaamini injili hii iliandikwa mwishoni mwa karne hiyo ya kwanza. Mnamo 1968, mtaalamu J. Louis Martyn alidai kuwa Yohana anasimulia mambo mawili kwa mpigo: maisha ya Yesu na masaibu ya Wakristo Wayahudi waliofukuzwa katika sinagogi. Aliegemea neno ‘aposynagogos’, yaani aliyetengwa na sinagogi, ambalo katika Agano Jipya lote linapatikana kwa Yohana pekee, mara tatu. Si wasomi wote wanaokubaliana naye, ila hoja yake inatuonyesha jambo: huenda maneno makali tunayoyasoma ni ya ugomvi wa ndugu wa nyumba moja.

Kuna pia teolojia. Yohana hupenda kukabilisha nuru na giza, imani na ukaidi. Mara nyingi ‘Wayahudi’ kwake, kama ‘ulimwengu’, ni jina la wanaoikataa nuru, wala si orodha ya watu wa ukoo fulani.

Je, haya ni mambo ya wasomi tu? La hasha! Kwa karne nyingi Wayahudi wa Ulaya walipigwa na kufukuzwa makwao wakiitwa wauaji wa Kristo. Ni mwaka 1965 ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate, ulisema wazi kwamba mateso ya Yesu hayawezi kulaumiwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo.

Sisi Wakenya tunaujua vyema uchungu wa kosa la kiongozi mmoja kubebeshwa kabila zima. Samaki mmoja akioza wote huoza, ndiyo, lakini watu si samaki. Basi ukilikuta neno hilo kwa Yohana, usikimbilie “Amina”. Uliza kwanza: Wayahudi gani?