Mashindano ya Kupika: Waamuzi Hutazama Nini?

Wakulima wengi wa mashamba ya makao hutuuliza ofisini: Je, mashindano ya kupika yamhusu nini mkulima? Wengine husema ni mchezo wa akina mama tu. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku moja nilipohitajika kukamilisha kikundi kimoja hapa Rongo kilichopungukiwa na mtu. Basi nitaeleza jinsi mashindano hayo yanavyokwenda, na jinsi sisi tulivyoshindwa.

Jambo hili si geni. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na katika vilabu vyake akina mama walifundishwa upishi, kushona na usafi wa nyumba. Mwafrika wa kwanza kukiongoza alikuwa mama wa huku kwetu, Phoebe Asiyo wa Karachuonyo, aliyefariki mwaka 2025. Vilabu vya watoto vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, wakati uleule familia za kwanza zilipokuwa zikihamia mashamba yaliyogawanywa. Serikali ilivifufua tena mwaka 2021.

Watu wa kikundi si wapishi wa hoteli. Ni majirani tu. Sisi tulikuwa watano, wanawake watatu na wanaume wawili, na tulipewa saa mbili kupika chakula cha mchana cha jamaa ya watu sita. Nilipofunga kitambaa cha jikoni watazamaji walicheka sana, kwa maana huku kwetu mzee akionekana anakoroga sufuria watu huuliza kama mke wake amekwenda kwao. Kicheko hicho hakidumu. Moshi ukikuingia machoni hata husikii wanaocheka.

Wengi hudhani waamuzi huja kuonja tu. Sivyo. Kuonja ni mwisho kabisa. Tangu mnapowasha moto wao huzungukazunguka wakitazama: Maji ya kunywa yamefunikwa? Kisu kilichokata samaki mbichi kimeoshwa kabla ya kukata nyanya? Mikono je, na kucha? Kuni ni ngapi, na zimebaki ngapi? Meko ya mafiga matatu yasiyokingwa na upepo hupoteza moto mwingi, lakini jiko la udongo hushika joto. Kikundi kilichotumia jiko la udongo kilimaliza kupika na kuni zikabaki. Sisi tulikuwa tumekwisha kuomba kuni kwa jirani. Kadhalika maharagwe: aliyeyaloweka usiku kucha huyaivisha upesi, na asiyeyaloweka hukaa akiyatazama mpaka muda umekwisha.

Sisi chakula chetu kilikuwa kizuri, nasema bila kujisifu. Tulipika ugali wa mahindi, omena na sukuma wiki. Omena tuliichambua mchanga, tukaiosha kwa maji ya moto, tukaikausha sufurianina kisha tukaikaanga kwa vitunguu na nyanya mpaka watoto wakaanza kusogea karibu. Nilijua tumeshinda. Ndipo mwamuzi mmoja, mama mtu mzima, akaja na daftari lake.

"Mwalimu, unga huu umetoka wapi?" akaniuliza. (Watu huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla sijawa karani.)

"Dukani, mama."

"Na mboga?"

"Sokoni Rongo."

"Nyanya? Vitunguu? Maziwa ya chai?"

Yote sokoni. Akaandika, akaenda zake. Omena hakuiuliza, kwa kuwa ajua haioti shambani. Hutoka ziwani na kila mtu huinunua.

Kikundi kilichoshinda kilikuwa cha akina mama wenye mashamba madogo kuliko yetu. Walileta ugali wa mtama na muhogo, osuga, yaani mnavu, iliyopikwa kwa maziwa, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, ambavyo vina vitamini A nyingi ifaayo macho ya watoto. Vyote vilitoka kwao, ila samaki na chumvi. Gharama yao ilikuwa ndogo hata waamuzi walirudia kuihesabu.

Mzee mmoja wa kikundi chetu alikaa kimya njiani tuliporudi. Kisha akasema, "Mwalimu, miwa yangu imefika mpaka ukuta wa jiko. Mama watoto aliniomba mistari miwili ya mboga, nikamwambia hailipi." Hapo ndipo penye shida ya wengi wetu huku. Miwa ya kwanza hukaa shambani kama miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na katika miezi hiyo watoto hula kila siku. Shamba limejaa, lakini sahani hungoja siku ya soko. Simlaumu mkulima wa miwa; karo hulipwa na miwa. Lakini mwamuzi yule hakuandika ekari zetu katika daftari lake.

Kwa wanaotaka kuingia safari ijayo nasema haya. Gaweni kazi kabla ya siku yenyewe: mmoja moto, mmoja ugali, mmoja kitoweo, mmoja mboga, na mmoja kuosha vyombo na kuandaa meza. Huyu wa mwisho msimdharau, maana vyombo vichafu huonekana kwa mbali. Pikeni nyumbani mara mbili tatu mkitazama saa. Mboga za majani msizichemshe mno, kwa sababu vitamini C huharibika kwa moto mrefu. Muhogo mchungu usipikwe vivihivi; una sumu, nao sharti umenywe, ulowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa. Mahindi yaliyoota ukungu msiyatumie hata kidogo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na sehemu za jirani kwa sumu ya ukungu wa mahindi, na kupika hakuiondoi.

Yule mzee amekwisha kung'oa miwa kando ya jiko, hatua kumi kwa hatua ishirini, na mkewe amepanda osuga, kunde na dek, ile iitwayo mgagani. Kunde huchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, na osuga na mgagani hutaka kama wiki sita hivi. Basi mashindano yakiwa mwezi wa nane, mbegu na ziingie ardhini mwanzo wa mwezi wa sita, na samadi iliyooza itangulie.