Mabingobingo Marefu, Maziwa Haba

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na vilima vya Kiambu, ambako ng'ombe wa maziwa hufungiwa bandani na kuletewa majani, shamba la mabingobingo, au nepia kama wasemavyo Kenya, likishapita kimo cha mtu huhesabiwa kuwa akiba. Mzigo mmoja hujaza hori. Ila maziwa hayaongezeki, na jioni mashina huwa yamebaki chini, yamekanyagwa.

Ng'ombe hadeki. Nyasi changa ni majani kuliko shina, zina protini na sukari nyingi, na nyuzi zake ni laini. Zinaporefuka hulazimika kujitegemeza zisianguke: shina huongezeka, nalo hukazwa kwa lignini, dutu ileile inayoupa mti ugumu. Wanaomeng'enya nyuzi hizo hasa ni vijidudu wa tumbo la kwanza la ng'ombe, na lignini huwashinda. Tena vijidudu hao wenyewe wanahitaji protini ili wazaliane. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu wa malisho, kazi yao hudorora, chakula hukawia tumboni, na mnyama huacha kula ingawa hori limejaa. Mabingobingo yaliyozeeka hufika huko kwa urahisi.

Basi yakatwe yangali machanga kabisa? Hapana. Majani ya namna hiyo ni maji matupu, na shina linalokatwa kila mara humaliza akiba yake hadi shamba likafa. Ushauri wa kawaida ni kukata kila baada ya wiki 6 hadi 8, mmea ukiwa na kimo cha mita 1 hivi, na kuacha visiki vifupi vichipue upya. Kiangazi muda huo hurefuka.

Nyasi za boma rhodes zina mtihani wake. Wakati mzuri wa kuzikata kwa ajili ya marobota ya nyasi kavu ni zinapoanza kuchanua, na mara nyingi siku hizo mvua bado zinanyesha. Nyasi zilizolazwa zikinyeshewa hupoteza sukari na kuota ukungu. Zisipokatwa zikasubiri jua, zinakomaa. Mwenye uwezo hutengeneza saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa, inayotaka muda mfupi tu wa kunyausha. Wengine husubiri kwa makusudi: huvuna mbegu kwanza, wauze, kisha hufunga nyasi zilizobaki kuwa marobota. Hesabu hiyo humfaa muuzaji. Anayenunua analipia kitu kinachokaribia mabua, na bei mara nyingi ni kwa robota, si kwa ubora.

Kwa hiyo mnunuzi afungue robota moja kabla ya kulipa. Aangalie kama bado lina rangi ya kijani, kama majani yamebaki au ni vijiti vitupu, kama masuke yamekwisha pukutisha mbegu. Kisha avute harufu: ukungu hujulikana mara moja.