Mwenye Risiti Ndiye Mshukiwa

Ukinunua DVD halali ya muvi kubwa ya Marekani, mara nyingi kinachotangulia ni onyo kwamba kunakili ni kosa la jinai. Unabonyeza rimoti uliruke, rimoti inagoma. Haijaharibika. Ndani ya diski kuna amri inayoizuia deki isiruke mpaka onyo liishe. Mwanachuo wa uvuvi pale Mbegani, Bagamoyo, aliyewekewa muvi hiyohiyo kwenye flashi halioni kabisa, maana aliyeinakili alishalikata. Mahubiri dhidi ya wizi yanawafikia waliolipa peke yao.

Kituko zaidi ni kanda. DVD zilipoanza miaka ya 1990, studio ziliigawa dunia kanda 6, kisha zikatenga kanda ya 8 kwa ajili ya ndege na meli. Tanzania tukawekwa kanda ya 5, pamoja na Urusi na India. Oman ikaenda kanda ya 2, pamoja na Japani na Uingereza. Majahazi yameunganisha Bagamoyo na Maskati karne na karne, lakini shangazi akikuletea DVD kutoka Maskati, ya dukani na risiti yake, huenda deki yako ikaikataa. Ya Moscow itaipokea bila kinyongo. Kompyuta itakuruhusu kubadili kanda mara 5. Baada ya hapo unabaki ulipoishia. Na hapo hakuna aliyeiba chochote: kanda ziliwekwa ili studio zipange bei na tarehe za kutoa muvi nchi kwa nchi. Waliotuokoa ni Wachina, kwa deki zao za bei poa zisizojali kanda.

Je, angalau kufuli lenyewe, yaani usimbaji fiche wa DVD, lilimzuia mwizi? Halikuweza, na sababu ni ya kiufundi. Ili deki ionyeshe picha, lazima iwe na ufunguo ndani yake. Maana yake kila mteja anauziwa kufuli pamoja na ufunguo, kisha anaombwa asiutafute. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na miaka 15, alishiriki kutoa programu ya kulifungua. Alishtakiwa, na mwaka 2003 akaachiwa huru.

Kampuni ya muziki ya Sony BMG ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich aligundua kwamba baadhi ya CD zao za muziki, ukizitia kwenye kompyuta ya Windows, zinapandikiza programu inayojificha. Ilificha kila faili ambalo jina lake linaanza na $sys$, na watengenezaji wa virusi hawakuchelewa kukitumia kichaka hicho. CD zikarudishwa. Baadaye wataalamu wakakuta ndani ya programu hiyo vipande vya LAME, programu huria, vilivyotumiwa bila kufuata leseni. Mlinzi wa hakimiliki naye kumbe alikuwa na mzigo wa watu!

Ukilinganisha na hayo, stempu za kodi ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kuzitaka kwenye CD na DVD mwaka 2013 zilikuwa na adabu. Karatasi ilibandikwa kwenye kasha, haikuingia kwenye kompyuta yako, haikudai intaneti, na mkaguzi aliitazama dukani kwa anayeuza, si sebuleni kwa aliyenunua. Ila wateja walikuwa wameshaanza kuhamia kwenye flashi na simu, na huko kasha la kubandika stempu halipo.