Chai ya Kericho na Bomet Inavyosubiri Meli Mombasa

Kati ya kiwanda cha chai kilichoko kwenye vilima vya Kericho au Bomet na meli ya mizigo inayotia nanga Kilindini kuna kipindi cha majuma kadhaa ambacho mkulima hukijua kwa matokeo yake tu, kwa sababu ni katika majuma hayo, chai ikiwa imelala ghalani Mombasa, ndipo bei yake hupatikana na ndipo bonasi, yaani malipo ya pili ambayo mkulima hulipwa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, huanza kuamuliwa. Abiria wa meli za kitalii, ambazo nyingi hufika pwani ya Kenya kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa nne, huzihesabu saa za kusubiri bandarini kuwa muda mtupu unaohitaji kujazwa kwa matembezi na manunuzi. Kwa chai ya Bonde la Ufa kipindi hicho cha kusubiri ndicho chenye shughuli nzito kuliko safari yenyewe ya baharini, na yeyote anayechuma majani chai Mogogosiek au Litein ana haki ya kukielewa.

Safari huanza kiwandani. Majani mabichi, ambayo kwa kawaida ni majani mawili na chipukizi moja, hukusanywa katika vituo vya kununulia, hupimwa na kupelekwa kiwandani siku hiyo hiyo, kisha hunyaushwa ili yapoteze sehemu ya maji yake, husagwa kwa mashine zinazoyakata, kuyararua na kuyakunja, huachwa hewani hadi yabadilike rangi kutoka kijani kuwa hudhurungi, na mwishowe hukaushwa mpaka unyevu unaobaki uwe takriban asilimia 3. Chai iliyokauka huchekechwa na kugawanywa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa chembe zake, yakiwamo BP1, PF1, PD na D1, ambayo mkulima huyasikia yakitajwa katika mikutano ya kiwanda bila kuelezwa mara zote kwamba kila daraja lina soko lake na bei yake. Kila daraja hufungwa katika mifuko mizito ya karatasi, na malori huianza safari ya kilomita zipatazo 750 kuelekea Mombasa.

Zamani mzigo huo ulipitia reli. Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903 kule Limuru, lakini mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa katika miaka ya 1920 na kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na chai yao ilipelekwa kwenye stesheni ya Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion, ili ipande treni ya kwenda pwani. Wakati huo kusubiri kwenye maana hakukufanyika Mombasa hata kidogo, kwani chai ilisafirishwa ikiwa haijauzwa, ikaonjwa na kunadiwa London, na bei ikatangazwa mahali ambapo hakuna mchumaji wa Kericho aliyewahi kufika. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956 na ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na ule wa London, uliodumu kwa zaidi ya karne tatu, ulifungwa mwaka 1998. Kuhama huko ni jambo kubwa ambalo halizungumzwi vya kutosha: uamuzi wa bei ulirudi upande huu wa bahari, katika mji ambao mkulima anaweza kuufikia kwa basi.

Chai inapofika Mombasa hupokewa katika maghala yaliyotapakaa Shimanzi, Changamwe na Miritini. Ghala la chai lina masharti yake, kwa kuwa majani yaliyokaushwa vizuri hunyonya unyevu na harufu kwa urahisi mno, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi kuliko ile ya nyanda za juu. Kwa hiyo mifuko hupangwa juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na kuta, na haichanganywi na bidhaa zenye harufu kali kama viungo, sabuni au ngozi. Uzembe mdogo hapa unaweza kuharibu kazi ya mikono ya mamia ya watu, na ndiyo maana wafanyakazi wa maghala, ambao hawatajwi katika hotuba za sekta ya chai, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa walinzi wa ubora wake.

Mifuko ikiwa imetulia, kinachotembea ni sampuli. Dalali, yaani wakala anayeuza kwa niaba ya kiwanda, huchukua kiasi kidogo kutoka kila fungu, ambalo ni kundi la mifuko ya daraja moja iliyotengenezwa pamoja, huionja, hukadiria thamani yake na kuiorodhesha katika katalogi ya mnada, kisha husambaza sampuli kwa wanunuzi ili nao waionje kabla ya siku ya mauzo. Chumba cha kuonjea kina meza ndefu yenye safu za vikombe vyeupe, na utaratibu wake hauruhusu kubahatisha: kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980, kinaelekeza gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na chai iachwe kwa dakika 6. Mwonjaji huvuta chai kutoka kijikoni kwa nguvu na kwa sauti ili itawanyike mdomoni pamoja na hewa, huisikiliza kwa ulimi na pua kwa muda mfupi sana, huitema, kisha husogea kwenye kikombe kinachofuata. Anatafuta ung'avu wa rangi, ukali unaochangamsha ulimi na uzito wa kinywaji. Anagundua pia kama majani yalicheleweshwa njiani yakapata moto, kama yalinyaushwa kupita kiasi, au kama moshi wa kuni uliingia kwenye mashine ya kukaushia. Hivyo kosa lililofanyika katika kituo cha kununulia Konoin husomwa Mombasa, na mtu aliyelisoma huliandika kwa senti za dola, kwa maana chai ya mnada huu huuzwa kwa dola za Marekani.

Mnada wenyewe husimamiwa na Chama cha Biashara ya Chai cha Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa herufi EATTA, na hufanyika kila wiki isipokuwa nyakati za mapumziko. Kwa miongo mingi ulikuwa mnada wa sauti, ambapo wanunuzi walikaa ukumbini katika jengo la Tea Trade Centre, Nyerere Avenue, wakipandishiana bei mbele ya dalali, lakini janga la korona lilipoingia mwaka 2020 mauzo yalihamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki na yakabaki huko. Chai ya Kenya huuzwa hapo pamoja na ya nchi jirani, zikiwamo Uganda, Rwanda na Burundi, na wanunuzi wakubwa hununua kwa ajili ya Pakistan, ambayo ndiyo soko kuu, kisha Misri, Uingereza, Falme za Kiarabu na nyinginezo. Vita vilivyozuka Sudan mwezi wa nne mwaka 2023, pamoja na mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka huo, vilionyesha jinsi soko hili lilivyo karibu na mashamba: njia ikifungwa au benki ya mnunuzi ikikosa dola, chai hurundikana Shimanzi, na baada ya miezi michache habari hiyo hufika Bomet ikiwa tarakimu ndogo kwenye hati ya malipo.

Si kila chai hupata mnunuzi kwa mara ya kwanza. Ile inayokosa bei inayokubalika hurudishwa kwenye katalogi ya wiki nyingine, na hapo kusubiri hugeuka kuwa gharama, kwa sababu ghala hulipiwa, mikopo ya kiwanda huendelea kuzaa riba, na chai yenyewe, ingawa haiozi, hupoteza ung'avu na ukali kadiri inavyokaa. Jambo hili liliumiza hasa eneo la magharibi mwa Bonde la Ufa. Mwezi wa saba mwaka 2021, KTDA, kampuni inayosimamia viwanda vya wakulima wadogo zaidi ya 600,000 nchini, iliweka kima cha chini cha dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda hivyo mnadani. Nia ilikuwa njema, kumlinda mkulima dhidi ya bei ya kutupa, na kwa muda bei ilipanda. Lakini chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, kutoka maeneo kama Kirinyaga na Nyeri, kwa kawaida huvutia bei ya juu kuliko ya Kericho na Bomet, hivyo kima kimoja kilichokuwa sakafu kwa wa mashariki kiligeuka dari kwa wa magharibi, na mamilioni ya kilo yakabaki ghalani bila kuuzwa. Kima hicho kiliondolewa mwaka 2024, shehena iliyokwisha kuzeeka ikaingia sokoni, na malalamiko ya wakulima wa Kericho na Bomet kuhusu tofauti ya bonasi kati ya pande mbili za Bonde la Ufa yamesikika kwa uchungu tangu wakati huo. Malalamiko hayo yana msingi, na majibu yake hayawezi kutafutwa shambani peke yake wakati sehemu kubwa ya hasara ilitokea katika foleni ya kusubiri.

Ndiyo sababu mwenyeji wa Kericho au Bomet anayepita Mombasa, awe anasubiri meli ya kitalii au awe mjumbe aliyetumwa na wakulima wenzake, angefanya vyema kuutumia muda wake kuifuata chai yake mjini. Akija kwa treni ya reli ya kisasa kutoka Nairobi atashuka Miritini, na barabara ya kuelekea kisiwani itampitisha Changamwe kabla ya kuvuka Makupa, nayo Shimanzi iko kando tu ya bandari, kwa hiyo atakuwa ameyapita maghala hayo kabla ya kufika hotelini. Wakurugenzi wa viwanda huandaliwa ziara za kuonana na madalali na wanunuzi. Itakuwa haki wakulima wa kawaida nao wapewe nafasi ya kusimama mbele ya vikombe vile na kuonja tofauti kati ya chai iliyochumwa vizuri na iliyoharakishwa. Jioni, bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, humpa nafasi ya kutazama mlango wa Kilindini ambamo meli za abiria na za makontena hupita kwa zamu, na katika Mji wa Kale atanywa chai yenye iliki na tangawizi kwa mahamri, iliyopikwa na watu wanaoijua chai kwa namna tofauti na ile ya kwao.

Baada ya mauzo, mnunuzi hulipa katika muda uliowekwa, hupewa hati ya kutolea mzigo, na chai huhamishiwa kwenye ghala lake. Hapo mara nyingi huchanganywa: chai ya kiwanda cha Tegat inaweza kumwagwa pamoja na ya Burundi na ya Murang'a ili kupata ladha ambayo mteja wa Karachi au Cairo ameizoea, na kuanzia hatua hiyo jina la kiwanda hupotea. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya huondoka hivyo, kwa wingi, ndani ya makontena, ikafungwe kwenye pakiti ndogo na kupewa jina la biashara ng'ambo, na faida ya pakiti hubaki huko. Serikali imekuwa ikizungumzia kuanzisha kituo cha pamoja cha kuchanganya na kufungasha chai katika eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Kilindini, ambako viwanda vidogo visivyoweza kununua mitambo yao vingetumia ile ya pamoja. Kituo hicho kikijengwa na viwanda vya Kericho na Bomet vikapewa nafasi ndani yake, majuma ambayo chai hulala ghalani ikilipiwa yatatumika kuifungasha, na pakiti itakayopanda meli itakuwa na jina la kilima ilikotoka.