Teknolojia ni Watu

Tunapozungumzia uhamishaji wa teknolojia, wengi wetu hufikiria mashine. Mashine ni nyenzo tu. Teknolojia yenyewe ni ujuzi wa binadamu wa kuibuni, kuitengeneza na kuirekebisha. Ndiyo maana mataifa makubwa hugombania wataalamu.

Tuchukue mfano wa Qian Xuesen. Mchina huyu alikwenda kusoma Marekani mwaka 1935, akawa miongoni mwa waanzilishi wa utafiti wa roketi nchini humo. Mwaka 1950, katika hofu ya ukomunisti, alinyang'anywa kibali cha kufanya kazi za siri. Alipotaka kurudi kwao alizuiwa kwa miaka 5, hadi alipoachiwa mwaka 1955. Aliporejea aliongoza kazi ya makombora ya China, na mwaka 1970 nchi hiyo ilirusha satelaiti yake ya kwanza. Marekani ilikuwa imebaki na maabara. Mtaalamu alikuwa ameondoka.

Mvutano huo haujaisha. Mwaka 2008 China ilianzisha mpango wa kuwavuta wanasayansi walioko ng'ambo. Mwaka 2018 Marekani ilianzisha msako dhidi ya waliotuhumiwa kuipa China siri za teknolojia. Iliusitisha mwaka 2022, baada ya malalamiko kwamba wanasayansi wenye asili ya China walikuwa wakishukiwa kwa asili yao.

Je, sisi tumesimama wapi? Nchi za Magharibi zilipokataa kugharimia reli ya TAZARA, China ilikubali. Kilomita 1,860 zilijengwa kati ya 1970 na 1975. Wafanyakazi wetu walifundishwa kazini, na vijana wa Tanzania na Zambia walisomeshwa Beijing. Huo ulikuwa ujuzi wa kweli. Lakini ulikuwa hasa ujuzi wa kuendesha na kutunza. Injini zilitoka China. Miaka ya 1980 zikaletwa nyingine zilizobuniwa Marekani. Tulibadili muuzaji, utegemezi ukabaki.

Kwetu Kizota na Dodoma nzima swali hili si la mbali. Tangu 2024 treni ya umeme inafika hapa kutoka Dar es Salaam, kwa reli iliyojengwa na mkandarasi wa Uturuki. Katika kila mradi wa namna hii hapana budi tuulize: Kwanza, ni vijana wetu wangapi wanashiriki katika usanifu, si katika vibarua tu? Pili, ni vipuri gani tutavitengeneza wenyewe? Tatu, wanaohitimu watapewa kazi inayolingana na elimu yao, au tutawasomesha ili wengine wawachukue?

Nchi isiyowatumia wataalamu wake huwasomeshea wengine.